Tupeane uzoefu: ulipojitoa kwa ajili ya mwenzako, msukumo ule ulitoka wapi?

Mama Wawili

Wakuu, salaam.

Huu ni mwaka wa tatu naishi na figo moja. Ya pili anayo mdogo wangu. Kwenye shughuli za ukoo naitwa shujaa, na kila nikilisikia neno hilo naona haya, maana kuna dakika chache ambazo ukoo hauzijui. Leo nazisema hapa.

Mdogo wangu alikuwa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila safari. Mkononi walimtengenezea mshipa wa kuunganishia mashine. Ukiugusa kwa kidole unatetemeka muda wote, kama vile kuna nyuki ndani ya ngozi. Figo zikifa maji hayana pa kutokea, yanajaa miguuni, kisha yanapanda kwenye mapafu, kwa hiyo hata maji ya kunywa alikuwa anapimiwa. Kwenye joto la Dodoma, mwanaume wa miaka 31 anafyonza kipande kimoja cha barafu ili kiu ipite.

Vipimo vyangu vikakubali, kundi la damu, tishu, vyote. Siku ya mwisho daktari akaniita peke yangu, akafunga mlango, akasema: "Dada, ukisema hapana, nyumbani tutawaambia vipimo havikuoana. Hakuna atakayejua, hata mdogo wako."

Nilishusha pumzi. Moyo ulitua kabisa. Niliwafikiria wanangu, nikafikiria kisu, nikaona njia iko wazi na hakuna anayeniangalia. Nilikaa kimya hadi daktari akaanza kuzikusanya karatasi zake. Hapo nikaukumbuka mgongo wangu. Nilikuwa na miaka 8, mama anashinda gengeni, nami nafungwa mtoto yule mgongoni kwa kanga hadi jioni. Lile joto la kifua chake, na mkojo wake ukishuka kwenye sketi yangu ya shule, vilinirudia kama vya jana. Nikamwambia daktari alete nisaini.

Swali langu kwenu: nini kilinirudisha? Ni upendo, mazoea, au niliogopa kuishi na siri ile? Mlioacha shule kwa ajili ya wadogo zenu, mliowahi kuingia majini kumtoa mtu, mliouguza kwa miaka, semeni mlichokikuta ndani yenu, hata kama si kizuri.

Kifungua Mimba

Dada, umenifungua kinywa. Kwangu haukuwa upendo.

Baba alifariki nikiwa kidato cha tatu. Siku ya kuanua matanga, baba zangu wadogo waliniita uani. Mmoja akanivika koti la marehemu, likanipwaya mabegani, akasema, "Kuanzia leo wewe ndiye baba." Nilikuwa na miaka 16. Nikawa konda wa daladala Mbeya kwa miaka 11 na nikasomesha wanne. Ada nalipa, lakini moyoni nina hasira. Nikirudi usiku nikawakuta wanacheka chumbani, naona kama wanacheka juu ya jasho langu. Kilichokuwa kinaniamsha saa kumi alfajiri ni lile koti, na aibu ya kuonekana nimelivua.

Halafu wa mwisho akapata ajira, akaniambia, "Kaka, sasa pumzika." Nilikosa usingizi mwezi mzima. Nikaanza kuwatafutia shida mpya ili nizitatue. Sikuwa najua namna nyingine ya kuwa mtu mbele yao. Mpaka leo najifunza.

Wazee mnaosoma hapa, nawaomba, mtoto wa umri ule msimvishe koti.

Binti Pangani

Nimemuuguza mama mkwe miaka sita. Nimeisoma ya koti mara tatu. Nimeshindwa kuandika zaidi ya hapa.

Mtu wa Ukara

Mimi ni mvuvi. Septemba 20, 2018, siku ya gulio, kivuko cha MV Nyerere kilitoka Bugorora kikapinduka huku kwetu kisiwani Ukara, Ziwa Victoria, kimebakiza kidogo kifike gatini. Watu zaidi ya 200 walikufa. Wenye mitumbwi ndio tuliokuwa karibu.

Sikuwaza lolote, naapa. Nilijikuta majini na kasia mkononi, ndara zimebaki ufukweni. Mtu wa kwanza kumfikia alikuwa mama mmoja. Alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu, alama za kucha zake zilikaa wiki nzima. Wanaosema niliamua nawakatalia. Ziwa nimeanza kulifanyia kazi nina miaka 9, mwili ulijua njia ukatangulia. Ndiyo maana namwelewa Majaliwa Jackson, yule kijana mvuvi aliyeupiga mlango wa ndege kwa kasia ilipoanguka ziwani Bukoba, Novemba 2022.

Lakini nitoe na ya pili, kwa sababu dada ametoa ya kwake. Miaka miwili baada ya kivuko, nyumba ya jirani iliwaka moto na mtoto yumo ndani. Nilisimama. Miguu ilikataa, mkono ule ule uliowavuta watu majini ukabaki umeshika ndoo. Aliyeingia ni mhunzi wa hapa kijijini, mtu aliyezoea moto. Mtoto alitoka mzima. Mimi nilikwenda kukaa nyuma ya nyumba yangu, na kwa siku kadhaa sikutaka kuonana na mtu.

Mwalimu wa Viumbe

Nafundisha biolojia. Mwaka 1964 mwanabiolojia William Hamilton alieleza kwa hesabu jinsi kiumbe anavyoweza kujitoa kwa ajili ya ndugu yake. Ndugu wa baba na mama mmoja mnachangia kwa wastani nusu ya vinasaba, kwa hiyo akipona yeye, na sehemu yako imepona. Nyuki kibarua anamchoma mtu anakufa, lakini mzinga aliouacha ni wa jamaa zake. Nawafundisha wanafunzi hayo na ninayaamini.

Ila hesabu hiyo inaniishia nikifika Mandera, Kenya. Desemba 2015 al-Shabaab walisimamisha basi wakataka Wakristo watengwe. Abiria Waislamu walikataa. Mmoja wao, mwalimu mwenzangu Salah Farah, alipigwa risasi, akafariki mwezi uliofuata. Wale aliowakinga hawakuwa ndugu zake wa damu.

Langu mimi ni dogo. Mke wangu alivuja damu baada ya kujifungua, akaongezewa chupa nne. Nilitaka kumjua aliyetoa nikamshike mkono, haikuwezekana. Mfuko wa damu una namba, jina hauna. Deni la mtu usiyemjua linakukera usiku na mchana. Kila baada ya miezi mitatu naenda kutoa, na huu ni mwaka wa saba.

Nesi Mstaafu

Wanangu, mwaka 2015 nilikuwa wodi ya kipindupindu Dar es Salaam. Vitanda vile vina tundu katikati na ndoo chini yake, na usiku kucha unasikia ndoo tu. Zamu yangu ya kwanza nilishachukua mkoba niondoke. Nikamwona mwenzangu anakaza kamba za aproni yake taratibu, kama mtu anayejiandaa kupika. Nikautundika mkoba. Ujasiri ule niliuazima kwake.

Wauguzi wengi tunamkumbuka Dk. Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor, Gulu, Uganda, aliyefariki kwa Ebola Desemba 5, 2000 baada ya kuongoza mapambano dhidi ya ugonjwa ule. Miaka mingi kabla ya hapo, waasi walipokuja hospitalini kuteka masista, alijitoa wamchukue yeye. Kwa hiyo siku ya Ebola haikuwa siku yake ya kwanza.

Mama Wawili

Nimesoma zote, zingine nimezisoma nikiwa nimesimama.

Kaka wa koti, wewe umenigusa penyewe. Mgongo ule nao haukuwa hiari yangu. Nilifungwa mtoto kama wewe ulivyovishwa koti, na sikuulizwa. Labda ndiyo maana nilishusha pumzi kwa daktari. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza kama nataka kumbeba.

Mdogo wangu hajui kuhusu dakika zile. Nitamwonyesha uzi huu akija Jumapili.

Baada ya upasuaji nilizinduka jioni, koo kavu. Nesi aliinama akaninong'oneza, "Anakojoa. Mfuko tumeshaubadilisha mara mbili." Nilicheka mpaka mshono ukauma. Siku ya nne nikasukumwa kwa kiti cha magurudumu hadi mlangoni kwake. Alikuwa ameshika glasi ya maji kwa mikono miwili. Akanywa yote bila kuniona, akafuta mdomo, akamnyooshea nesi glasi amwongezee.