Ukoo wa Bibi Mwanahawa

Rehema: Asalaam aleikum. Nani mwengine kapata imeili ya "benki" eti akaunti itafungwa ndani ya saa 24, bonyeza hapa uhakiki? Shangazi Zuhura kanipigia anauliza, na mchango wa arusi ya Salma uko kwenye akaunti yake!!

Rehema: Mbona kimya, tiki za buluu naziona

Hamisi: Mi benki hata hawanijui, watafunga nini 😂

Rehema: Sio utani. Picha hiyo hapo, jina limeandikwa benki ila ukiligusa anwani inaishia @gmail, benki gani hiyo? Halafu wanataka nywila na ile namba ya siri inayokuja kwa meseji, benki haikuombi hiyo hata siku moja

Idd: Lakini ukurasa una kufuli juu, si iko salama

Rehema: Kufuli hata tapeli anaweka. Linazuia wengine wasisome unachotuma, unayemtumia ni nani halisemi

Shangazi Zuhura: 🎤 1:47

Rehema: Shangazi andika, niko kwenye daladala sisikii kitu

Shangazi Zuhura: Nimebonyeza nikaweka jina tu nywila sijaweka wallahi

Idd: Jina tu. Kama kile kiwanja cha Kibaha "nimesaini tu"

Shangazi Zuhura: Hayo kayaseme mbele ya mama yako

Hamisi: 🍿🍿

Rehema: Jamani kiwanja baadae!! Shangazi badilisha nywila sasa hivi, ingia kwenye app yenyewe usipitie hiyo linki, halafu piga namba iliyo nyuma ya kadi, ya kwenye imeili usiipige maana atapokea huyohuyo. Na nyie zile meseji za "hela tuma kwenye namba hii" msiwe mnafuta tu, zirusheni 15040, ile namba ya kuripoti matapeli

Baba Mkubwa: Nimesoma yote. Zuhura asiguse simu. Kesho aende benki na mtu. Habari ya kiwanja nilishaifunga.

Idd: Samahani baba mkubwa

Shangazi Zuhura: Sawa kaka

Rehema: Shikamoo baba mkubwa, tumekusikia. Ila kesho Jumapili hawafungui, naomba leo apige tu simu

Rehema: Baba mkubwa?

Rehema: Haya Jumatatu nani anakwenda nae

Hamisi: Nipo zamu

Idd: Naweza mimi

Shangazi Zuhura: Idd hapana

Mwanaidi: Ndo naingia sasa hivi, kwani mchango umeibiwa?? Mi nilituma jana

Rehema: HAUJAIBIWA soma juu. Shangazi umepiga?

Shangazi Zuhura: Kaka kasema nisiguse simu