Naomba ushauri: Mdogo wangu anaendesha bodaboda akiwa amelewa, helmeti havai, na pikipiki ni yangu

Dada wa Himo

Shikamooni wakubwa zangu, na wale tunaolingana habari za jioni. Naomba mnisome hadi mwisho, kwa sababu jambo hili limeninyima usingizi kwa wiki ya tatu sasa, na nyumbani hakuna tena mtu wa kumwuliza ambaye hajachukua upande.

Mimi ni mfanyabiashara mdogo hapa Himo. Mwaka jana nilichukua mkopo wa kikundi, nikanunua pikipiki na kumkabidhi mdogo wangu anayenifuata kuzaliwa, mwenye mke na watoto wawili. Tulikubaliana aniletee hesabu ya shilingi 8,000 kila siku isipokuwa Jumapili, na miezi ya mwanzo alileta bila kukosa. Leseni anayo, barabara ya kupanda Marangu anaijua kona kwa kona, na wateja wanampenda kwa kuwa ni mtu wa watu. Shida ni kwamba kazi yenyewe inampitisha kwenye vilabu vya mbege, pombe yetu ya ndizi, tangu saa tisa alasiri: anapeleka abiria, anakaribishwa kata moja (kibuyu cha kunywea), anarudi na abiria mwingine, anakaribishwa tena, na ikifika saa mbili usiku anashuka mteremko ule na watu wawili nyuma yake, macho mekundu, helmeti ikining'inia kwenye usukani. Nilimnunulia helmeti mbili, yake na ya abiria. Ya abiria sijui iko wapi. Yake huivaa anapoona askari wa usalama barabarani mbele, tena bila kufunga mkanda.

Ameanguka mara mbili. Mara ya kwanza alichubuka tu. Mara ya pili, wiki tatu zilizopita, alikuwa amempakia mama mmoja anayeuza ndizi, na mama huyo alivunjika mguu na hadi leo yuko wodini. Mdogo wangu mwenyewe alijigonga kichwa, akazimia kwa muda mfupi, akaamka na kuzungumza vizuri. Wenzake walisema ni pombe tu, wakampeleka nyumbani akalala. Tangu siku hiyo anasema kwamba siku ya mtu ikifika hata helmeti ya chuma haiwezi kumwokoa, na kwamba akinywa huwa mwangalifu zaidi kwa sababu anajijua amekunywa.

Je, nimnyang'anye pikipiki? Mkewe ananiuliza watoto watakula nini. Mama yetu anasema nikifanya hivyo nitakuwa nimevunja nyumba ya mwanawe. Mkopo bado haujaisha. Naombeni mnishauri kama vile mngemshauri dada yenu.

Zamu ya Usiku

Dada, pole sana. Mimi ni muuguzi na nimefanya kazi miaka mingi katika chumba cha dharura, kwa hiyo niruhusu niache kwanza swali la pikipiki, nishike lile ulilolipitia haraka: alizimia, akaamka, wenzake wakasema ni pombe, wakamlaza.

Sentensi hiyo nimeisikia kutoka kwa ndugu wa marehemu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kichwa kinapogonga lami, mshipa wa damu unaweza kupasuka ndani ya fuvu wakati ngozi ya nje haina hata mkwaruzo. Mtu huyo huamka, huomba maji, hutaja namba ya simu ya mkewe, na kila mtu hushukuru Mungu. Kumbe damu inaendelea kujikusanya polepole na kuukandamiza ubongo, na saa chache baadaye anaanza kutapika, kuchanganya maneno na kusinzia. Mlevi naye hutapika, huchanganya maneno na kusinzia. Hapo ndipo pombe inapoua mara ya pili, maana ilimwangusha barabarani na sasa inawaficha ndugu zake dalili. Anayekoroma usiku kucha wanadhani amelala vizuri.

Kwa hiyo mtu yeyote aliyelewa na kujigonga kichwa ahesabiwe kuwa ameumia mpaka hospitali iseme vinginevyo. Maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika kwa kurudiarudia, mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyingine, maji maji au damu kutoka puani au masikioni, degedege, mkono au mguu kulegea: lolote kati ya hayo halisubiri asubuhi. Naomba pia tuache ile desturi ya kumpakata majeruhi katikati ya watu wawili juu ya bodaboda nyingine, kwa sababu shingo iliyovunjika ikitikiswa namna hiyo inaweza kumwacha amepooza maisha yake yote.

Sasa kuhusu mdogo wako. Wiki tatu zimepita, lakini si sababu ya kustarehe. Ipo aina ya damu inayovuja kidogo kidogo na kujitokeza baada ya wiki kadhaa, na wanywaji wa pombe wa muda mrefu wako katika hatari zaidi. Je, analalamika kichwa? Amebadilika tabia, amekuwa msahaulifu, anayumba hata akiwa hajanywa? Mpeleke akapimwe. Jambo la mwisho: kama asubuhi mikono yake hutetemeka mpaka apate kinywaji, msimlazimishe kuacha pombe ghafla nyumbani, kwa sababu mwili uliozoea pombe nyingi unaweza kupata degedege inapokatwa kwa siku moja. Mweleze daktari ukweli huo. Huko kwenu Moshi, katika hospitali ya KCMC, wataalamu wamefanyia kazi mazungumzo mafupi yanayoongozwa na wauguzi kwa majeruhi wanaokunywa, yakiitwa Punguza Pombe kwa Afya Yako. Mtu aliyetoka kuanguka huwa tayari kusikiliza kuliko wakati mwingine wowote.

Mzee wa Kijiwe

Dada yangu, mimi nimeendesha bodaboda tangu pikipiki zilipoanza kujaa hapa Morogoro, na miaka mitano ya mwanzo nilikuwa kama huyo mdogo wako, tofauti ni kwamba mimi nilikuwa mtu wa viroba, ile pombe kali ya kwenye vipakiti. Serikali ilipopiga marufuku viroba tarehe 1 Machi 2017 nilihamia kwenye chupa ndogo, nikawa naiweka ndani ya koti.

Hilo analosema, kwamba akinywa huwa mwangalifu, ninalijua kutoka ndani. Ukinywa unajiona unaendesha vizuri, kwa sababu kitu cha kwanza ambacho pombe inachukua ni ule uwezo wa kujipima. Pikipiki ikienda kilomita 60 kwa saa, inakula karibu mita 17 kila sekunde. Ukichelewa nusu sekunde tu kushika breki, umeshasogea mita nane zaidi, na mita nane ni ng'ombe aliyekatiza, ni mtoto aliyefuata mpira. Tena gari lina magurudumu manne yanayolishikilia, lakini pikipiki inasimamishwa na mizani ya mwili wako, na mizani hiyo ndiyo inayolewa mapema.

Wengi kijiweni hawajui hesabu ya pombe. Bia moja ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina takriban gramu 20 za pombe halisi, na mwili wa mtu mzima kwa kawaida huhitaji saa mbili hivi au zaidi kuimaliza. Chupa ya mililita 200 ya pombe kali yenye asilimia 35 ina zaidi ya gramu 50, kwa hiyo aliyeimaliza saa sita usiku anaweza kuwa bado ana pombe mwilini anapobeba mwanafunzi saa kumi na mbili asubuhi. Kahawa, maji baridi, ndimu, supu, vyote hivyo vinamwamsha tu, havimwondolei pombe. Mbege nayo haina kipimo chochote kwenye kata, na nguvu yake hubadilika kadiri inavyokaa.

Kuhusu helmeti, usihangaike na mahubiri, hangaika na helmeti yenyewe. Nyingine ni kofia za ujenzi, au plastiki tupu isiyo na ile sponji ngumu nyeupe ndani. Sponji hiyo ndiyo inayobonyea badala ya fuvu, na ndiyo maana helmeti iliyokwisha kugonga chini lazima ibadilishwe hata kama nje inang'aa. Isiyofungwa mkanda wa kidevuni huruka kabla kichwa hakijafika chini. Abiria wengi hukataa ya kwao kwa sababu ya jasho na mba za watu wengine au kwa kuogopa kuharibu nywele, na hawana kosa; sisi hapa kijiweni tunaweka kitambaa safi chini yake na kuianika juani kila mchana.

Mchagga wa Mjini

Naomba nitofautiane kidogo. Mbege ni kinywaji cha wazee wetu. Hutumika kwenye posa, kwenye misiba na kwenye kupatanisha ndugu waliokosana. Tusije tukamfanya kijana aone kwamba anapigwa vita kwa ajili ya mila. Na ukimnyang'anya pikipiki, kesho ataazima ya rafiki yake, atakunywa vilevile, na wewe hutakuwa na sauti tena juu yake. Mimi ningemwacha nayo na kuwatumia wazee wamkalishe.

Mama Wawili

Kaka, nakuheshimu, lakini mila hiyo hiyo ina "kaa chini" na "nenda kwa mguu". Wazee waliokunywa mbege hawakushuka mteremko wa Marangu juu ya injini. Mume wangu alikalishwa na wazee mara tatu. Kila mara aliomba radhi na kila mara tulimwamini. Alianguka mita chache kutoka nyumbani, akiwa kwenye mwendo ambao watu walisema ni mdogo, bila helmeti. Baadaye mwalimu mmoja alinieleza kwamba kuanguka katika mwendo wa kilomita 40 kwa saa na kugonga kitu kisichosogea ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa zaidi ya mita sita. Nilikwenda nikaiangalia ghorofa ya jirani yetu, nikaelewa.

Dada, wewe unaulizwa watoto watakula nini. Mimi niliuliza swali hilo hilo nikamtetea asinyang'anywe pikipiki na mwenye nayo. Sasa ni mwaka wa nne ninatafuta jibu lake peke yangu. Mchukulie funguo.

Mwenye Pikipiki Tatu

Mimi ninamiliki pikipiki tatu, kwa hiyo nitazungumza na wewe kama tajiri mwenzangu. Sheria yetu ya usalama barabarani inaweka kikomo cha miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu, lakini usikifanye kikomo hicho kuwa ruhusa, kwa maana umakini huanza kupungua kabla ya kukifikia. Faini ya papo kwa papo kwa bodaboda ilipunguzwa mwaka 2021 kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa, na nakuambia wazi kwamba dereva haogopi tena shilingi 10,000. Anachoogopa ni kukosa pikipiki asubuhi.

Angalia pia bima yako. Kama ni bima ndogo, haimtibu dereva wako hata kidogo. Abiria na wapita njia ndio inaowahusu, na soma kwa makini masharti yanayohusu ulevi, kwa sababu kampuni inaweza kulipa kisha ikakugeukia wewe. Yule mama wa ndizi ana haki ya kudai, na pikipiki ina jina lako.

Mimi hufanya hivi: pikipiki zote zinalala kwangu, na mwisho ni saa kumi na mbili jioni. Dereva anapokuja asubuhi tunasalimiana uso kwa uso, na akiwa ananuka pombe siku hiyo anayeendesha ni deiwaka, yaani dereva wa kutwa, yeye anarudi nyumbani bila ugomvi wowote. Makubaliano yameandikwa na mwenyekiti wa kijiwe amesaini. Mmoja aliacha kazi kwa hasira, wawili wako nami mwaka wa tatu. Helmeti nazo nazikagua kama ninavyokagua tairi. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba helmeti iliyovaliwa ipasavyo hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kwa hiyo lile neno la siku ikifika mjibu kwa upole: hatujui siku, lakini kichwa tunacho leo.

Dada wa Himo

Ndugu zangu, nimesoma kila neno, na mengine nimemsomea mama. Niwape mrejesho.

Nilipoona maneno ya muuguzi nilimwuliza wifi kama mdogo wangu analalamika kichwa. Akasema tangu ile ajali anaamka kinamwuma kila siku, nao wakadhani ni uchovu wa pombe. Keshoyake tulimpeleka hospitali. Kipimo hakikuonyesha damu ndani ya kichwa, namshukuru Mungu, ila daktari alimwuliza kuhusu kutetemeka kwa mikono, naye kwa mara ya kwanza alijibu mbele yangu bila kuficha. Amepangiwa kurudi kliniki kila wiki.

Tukiwa tunatoka alisimama kwenye korido akaniuliza yule mama wa ndizi yuko wodi gani. Alikuwa hajawahi kwenda kumwona. Nilimpeleka. Alisimama miguuni pa kitanda muda mrefu, mama akamwuliza kichwa chake kinaendeleaje, naye akashindwa kujibu.

Pikipiki sasa inalala stoo kwangu. Deiwaka anaifanyia kazi kuanzia asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni na ananiletea hesabu ile ile ya shilingi 8,000; 4,000 inakwenda kwenye mkopo, 2,500 kwa wifi kwa ajili ya watoto, na 1,500 tunamwekea yule mama. Najua haitoshi. Mdogo wangu amekasirika, lakini hajaondoka. Jumapili tunakaa na baba mdogo na mwenyekiti wa kijiwe ili tuandike masharti ya kumrudishia. Mwenye Pikipiki Tatu, tafadhali niandikie jinsi mlivyoweka kile kipengele cha asubuhi, cha kusalimiana uso kwa uso, maana ndicho ninachotaka kiwe cha kwanza.