Premiere, Resolve au Kdenlive: ipi inaruka vizuri kati ya vifremu?

Chuno_MTW
Wakuu, habari za jioni. Nina video ya ngoma ya sindimba, naihariri kwenye programu ya Premiere Pro, naikabidhi Jumamosi. Nikibofya kishale cha kwenda kifremu kinachofuata (vile vialmasi unavyoweka kuonyesha nafasi au ukubwa wa picha ubadilike wapi), mara hakuna kinachotokea, mara kimstari cha kuchezea kinaruka hadi nje ya klipu. Vifremu vimepita 60 kwenye klipu moja kwa sababu zumu inamfuata mchezaji. Nihamie programu nyingine, DaVinci Resolve ya bure au Kdenlive? Ipi ina urukaji wa uhakika?

Binti_Nachingwea
Mkuu, umeomba dawa hujataja ugonjwa. Laptopu ina RAM kiasi gani? Ina kadi ya picha ya kwake? Video ni ya simu au ya kamera, na ni fremu ngapi kwa sekunde? Vifremu umeviweka kwenye nafasi, kwenye ukubwa, au kote kuwili? Bila hayo kila mtu atakutajia programu anayoipenda yeye.

Kusini4K
Resolve. Alama ya [ inakurudisha kifremu cha nyuma, ] inakupeleka cha mbele, mausi unaweka pembeni. Kwenye Inspector, paneli ya mipangilio ya klipu, kila kipengele kina kialmasi katikati ya vishale viwili, na ukisimama juu ya kifremu chenyewe kialmasi kinageuka chekundu. Huhitaji kubahatisha.

Mitwero_Linux
Kusini4K, umesahau kumwambia kwamba Resolve ya bure kwenye Linux haifungui H.264, namna ya kubana video inayotoka kwenye simu nyingi. Kdenlive inafungua karibu kila kitu, haidai kadi kubwa ya picha, na proksi (nakala nyepesi za video za kuhariria) unazitengeneza humo humo kwa kubofya klipu kitufe cha kulia.

Kusini4K
Nani amesema anatumia Linux?

Binti_Nachingwea
Hakuna aliyesema, ndiyo maana nimeuliza. Chuno, wakati unakusanya majibu, angalia haya matatu hapo hapo kwenye Premiere.

Kwanza, klipu iwe imechaguliwa na saa ndogo iliyo kando ya kipengele iwe imewashwa. Isipowashwa, vishale havionekani kabisa.

Pili, kila kipengele kina vishale vyake. Vishale vya nafasi havioni vifremu vya ukubwa. Watu wengi hukwama hapo: zumu iko kwenye ukubwa, wao wanabofya vya nafasi. Halafu kishale cha juu na cha chini vya kibodi vinakwenda kwenye makutano ya klipu, sio kwenye vifremu.

Tatu, ulipopunguza ncha za klipu, vifremu vilivyokuwa kwenye kipande ulichokata havikufutika, vimejificha. Fungua menyu ya paneli ya Effect Controls, ondoa alama kwenye "Pin to Clip", utaviona vimekaa nje ya mpaka. Kimstari kikikimbia nje ya klipu, hapo ndipo pa kuanzia. Vile usivyovihitaji vifute.

MzeeWaMikindani
Avidemux, programu ya kukata video, inafanya hiyo kazi vizuri. Kishale cha juu na cha chini vinaruka kifremu hadi kifremu, hata kwenye kompyuta dhaifu.

Binti_Nachingwea
Shikamoo mzee wangu. Hivyo ni vifremu vya aina nyingine. Avidemux inaruka kwenye fremu kamili za kodeki (mfumo unaobana video), zile zilizohifadhiwa nzima ndani ya faili. Zinazozifuata zinabeba mabadiliko tu. Ukikata bila kubana upya, lazima kipande kianzie kwenye fremu kamili, la sivyo picha inachafuka. Vya Chuno ni alama alizoweka mwenyewe za nafasi na ukubwa. Jina moja, vitu viwili.

MzeeWaMikindani
Marahaba binti, nimekuelewa. Lakini hata hizo zinamhusu. Fremu kamili zikiwa mbalimbali, kila anaporuka kompyuta inarudi kwenye iliyotangulia na kufumbua zote mpaka ifike alipo. Kwenye mashine ndogo picha inachelewa, mtu anadhani kishale hakijafanya kazi, anabofya tena, anajikuta amepita viwili.

Chuno_MTW
Samahani kwa kuchelewa, umeme ulikatika. Windows, i5 kizazi cha 8, RAM GB 8, haina kadi ya picha ya kwake. Video ni ya simu. Ile ya "Pin to Clip" ni kweli, nimekuta vifremu 9 nje. Vilivyobaki vinaruka, ila kialmasi hakiwaki nikifika, na nikirekebisha zumu picha inashtuka. Nilisahau kusema: nilianza kwenye sikwensi (mstari wa kupangia klipu) ya fremu 30 kwa sekunde, nikanakili kila kitu kwenda ya 25.

Binti_Nachingwea
Hilo ndilo lilikuwa jambo la kuanza nalo mkuu!

Kwenye sikwensi ya 30, fremu moja ni sekunde 0.033. Kwenye ya 25 ni 0.04. Kifremu ulichoweka fremu ya 10 kiko sekunde 0.333, kwenye sikwensi mpya hapo ni fremu ya 8.33. Kimstari hakiwezi kusimama hapo, kinasimama 8 au 9. Kwa hiyo kialmasi hakiwaki, na ukigusa zumu programu inaweka kifremu kipya ubavuni mwa cha zamani. Viwili vyenye thamani tofauti vikiachana kwa umbali usiofika fremu moja, lazima picha ishtuke.

Rudi kwenye sikwensi ya 30 ukamalizie huko. Kama kasi ya klipu nayo utaibadilisha, ibadilishe kwanza, funga klipu ndani ya sikwensi yake, ndipo uweke vifremu juu yake.

Na faili la simu lipime kwa MediaInfo, programu ya kuonyesha taarifa za faili la video. Ikiandika "Variable" kwenye kasi ya fremu, lipitishe HandBrake, programu ya kugeuza video, kwanza: sehemu ya Video, weka 30, chagua "Constant Framerate".

Kusini4K
Au ahamie Resolve aanze upya kwa usafi.

Mitwero_Linux
Kwa GB 8 bila kadi ya picha? Hapana. Na hata Kdenlive, ambayo naipenda, sitamshauri ahamie leo. Faili la mradi wa Premiere halifunguki kwenye Resolve wala Kdenlive. Kuna kazi moja ya harusi hapa Lindi ilihamishwa katikati kwa XML, faili la kubebea mradi kati ya programu. Mikato ilifika salama, hapo tukafurahi. Kisha tukaona efekti nyingi hazikuja, na maandishi yalibaki sehemu tupu. Vifremu vya zumu vilifika, ila ulaini wa kuanza na kusimama ulipotea, kamera ikawa inagonga kila kituo kama gari lenye breki mbovu. Siku 2 zilikwisha kwa kulinganisha kifremu kimoja kimoja, mradi wa zamani kushoto, mpya kulia. Hamia ukiwa na kazi mpya, sio yenye tarehe.

MzeeWaMikindani
Kwa nini lakini mnamrudisha 30? Umeme wetu ni hezi 50, taa zinameta kwenye video ya 30.

Binti_Nachingwea
Kumeta kunatokana zaidi na shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila fremu, mzee. Akirekodi 30 aweke shata 1/50 au 1/100, sio 1/60.

Chuno_MTW
Simu yangu inachagua shata yenyewe. Kuna programu ya kamera inayoruhusu kuiweka kwa mkono?

Kusini4K
Zipo. Simu gani?