Ngozi ya Liyongo yanitoka majivu, nifanyeje?

langoni_brashi
Asalaam aleikum wenzangu. Niko Lamu, na jioni napaka rangi vijisanamu vya mazimwi na mashujaa, vile vya kipimo cha milimita 28. Saa hii niko na kimoja nakipenda kuliko vyote nshawahi kushika. Nimechukua mpiga upinde wa plastiki aliyepiga goti, nikamkwangua kofia ya chuma na yale mavazi ya kizungu, nikamvisha kikoi cha putti ya epoksi, na nataka awe Fumo Liyongo, shujaa wa hadithi zetu za pwani, pale kisimani, upinde kauvuta, sindano ya shaba aliyochomwa kitovuni. Wa huku nyote mwaijua, alikufa vile vile na goti lake chini na watu wakaogopa kwenda kuteka maji wakidhani yu hai.

Sasa shida ni ngozi. Naanza na kahawia nzito, nikitaka kupandisha mwanga natia nyeupe kidogo kidogo, na kila nikipanda ndio anazidi kuwa na majivu, yaani mtu kafifia badala ya kung'aa. Nikirudia koti ingine ya rangi mistari ya brashi inabaki. Na mchana rangi yanikaukia kwenye brashi kabla haijagusa kitu, natumia ile nyembamba kabisa 000. Video ninazoziona wanapaka ngozi ya mzungu ama orki, lile zimwi la kijani. Mimi nataka mtu akimtazama aone mtu mweusi wa pwani, shujaa, mwili unang'aa. Nisaidieni jamani.

binti_wa_malindi
Waaleikum salaam kaka, na mashallah kwa hilo wazo, muda mrefu nangoja mtu amfanye Liyongo.

Nyeupe itoe mezani kwanza. Nyeupe ya akriliki kawaida ni ya titani, inafunika kwa nguvu na inapoza rangi yoyote unayoichanganya nayo, kwa hivyo ukiitia kwenye kahawia joto lote linaondoka na hapo ndio majivu yanatokea. Kahawia ukitaka ipande mwanga ipeleke kwenye machungwa halafu kwenye manjano ya udongo. Mimi huanza na kahawia nzito iliyotiwa buluu iliyoiva ama zambarau kidogo, mwili mzima, hiyo ndio itabaki kuwa kivuli chini ya kidevu, kwapani, nyuma ya goti na baina ya misuli. Juu yake kahawia yenye wekundu lakini usifunike kila kitu, sehemu zilizoinuka tu. Halafu hiyo hiyo na machungwa kidogo, eneo dogo zaidi, halafu na manjano ya udongo, dogo zaidi tena.

Na hapa sikiza vizuri kaka. Ngozi nyeusi haichukui mwanga sawa na nyeupe, mwanga wake unakaa sehemu ndogo na ni mkali, kutoka giza hadi mwanga ni hatua fupi. Watazame wavuvi wakishuka chomboni saa nane mchana mwili umeloa, utaona paji la uso, mfupa wa pua, juu ya shavu, bega, basi. Na ukikazia macho pale panapowaka pana usamawati, manake ni mbingu unayoiona pale. Kwa hivyo mwisho kabisa chukua ile kahawia yako nyepesi itie chembe ya samawati iliyopauka, gusa nukta tu, bega la mkono unaovuta upinde na paji la uso. Usiongeze hata kama mkono unakuwasha.

Viganja na nyayo ni nyepesi kuliko mwili, kahawia yenye uwaridi. Huyu kapiga goti, unyayo mmoja waonekana kwa nyuma, usiuache mweusi. Midomo ya chini vile vile, wekundu kidogo.

Ukimaliza ukaona mipaka baina ya rangi ni mikali, chukua kahawia nyekundu uilegeze na maji mpaka ibaki kivuli cha rangi tu, pitisha pale zinapokutana, acha ikauke kabisa kabisa ndio urudie.

nakshi_za_jahazi
Kijana wangu, huyo binti kamaliza upande wa rangi, mimi nitasema upande wa mkono. Kazi yangu ni nakshi za vyombo vya baharini hapa Matondoni, hivi vidogo nimeingizwa na wanangu na sasa sitoki.

Hiyo brashi ya 000 iweke kando. Tumbo lake halibebi rangi, tone likikaa pale kwa huu upepo wetu lishakauka. Tafuta namba 1 ama 2 yenye ncha nzuri, ncha ndio inayochora, tumbo ni la kuweka akiba. Rangi isifike kwenye ile pete ya chuma, ikiganda mle ndani nywele zinatanuka na ncha imekwenda. Ukimaliza osha na sabuni ya kipande, ichonge ncha kwa vidole, ilaze. Usiisimamishe ndani ya kikombe cha maji kichwa chini.

Jambo la pili, paleti ya maji. Chukua kontena bapa la chakula lenye kifuniko, tandika sponji jembamba ama tishu za jikoni zilizoloa, juu yake karatasi ya kuokea keki, changanya rangi hapo juu. Inakaa mbichi jioni nzima, na ukifunika wakati mwingine hata kesho. Tumia maji ya kunywa, visima vyetu vingine vina chumvi na sipendi chumvi ikae ndani ya rangi.

Kuhusu mistari, rangi yako ni nzito. Ilegeze, ipitishe kwenye ukucha wa gumba, ikifunika kila kitu bado nzito, ikikimbilia pembeni umezidisha maji. Na kabla hujagusa sanamu igusishe brashi kwenye kitambaa, hili watu hawalifanyi halafu wanashangaa rangi yajaa kwenye mashimo. Koti mbili tatu nyepesi, si moja nzito.

Halafu jua kwamba rangi hujikusanya pale brashi inapoinuka. Ukipaka mwanga vuta kuelekea pale unapotaka pawe na mwanga zaidi ndio uinue, ukipaka kivuli vuta kuelekea kivulini. Mimi hili peke yake lilinibadilishia kazi nzima. Na viwiko mezani, vifundo vya mikono vigusane, kijisanamu ukikwamishe juu ya kizibo cha chupa usikishike mwilini, mafuta ya vidole yanaharibu.

kusi_na_kaskazi
Nyongeza tu ya praima, ile rangi ya kwanza ya kushikisha rangi nyingine. Msimu wa mvua hewa imejaa maji usipige praima ya kopo wala vanishi, inaweza kutoka na ukungu mweupe, na kwenye jua kali na upepo inakauka hewani inafika ikiwa vumbi, uso unakuwa msasa. Piga asubuhi kukiwa kukavu, tikisa kopo dakika mbili, sentimita 20 mpaka 30, pita haraka usisimame. Na kama praima ushapiga nyeusi, kabla ya rangi piga kijivu ama nyeupe kutoka juu tu kwa mshazari, itakuonyesha jua linaangukia wapi na ukipaka rangi nyepesi kivuli kinabaki chenyewe.

langoni_brashi
Allah awalipe kheri, mzee na dada, nimejaribu bega moja tu kwa machungwa na manjano na wallahi kawa mtu. Swali la mwisho, sindano. Kila shaba ya kopo niliyonayo yaonekana rangi tu.

nakshi_za_jahazi
Usipake. Menya waya wa umeme wa zile nyuzi nyingi, toa unyuzi mmoja, hiyo ni shaba yenyewe. Unyooshe kwa kuubingirisha baina ya vipande viwili vya mbao, toboa kitovuni kwa kijikekee cha mkono, tia supaglu tone. Sugua kwa msasa laini kisha uupake vanishi siku hiyo hiyo, hewa ya bahari itaufanya mweusi ukichelewa. Lakini mwili wote upige vanishi isiyong'aa kwanza, sindano uiingize mwisho na vanishi yake iwe ya kung'aa.

binti_wa_malindi
Na pale inapoingia tia kivuli chembamba cha zambarau na wekundu, usitie damu nyingi, kwa kipimo hiki damu nyingi inavuta macho na sisi twataka watazame uso. Ukimaliza weka picha, ya mbele na ya ubavuni.