2 Wafalme 6: yule mama aliyepika mwanawe mbona hakuhukumiwa?

BintiLikoni: Shalom wapendwa. Jumatano tulisoma 2 Wafalme 6 kuanzia mstari wa 24, mfalme wa Shamu ameuzingira mji wa Samaria mpaka kichwa cha punda chauzwa vipande 80 vya fedha, afu mama mmoja amlilia mfalme wa Israeli, na wala halii kwa vile wamempika mwanawe wakamla, alia kwa vile mwenzake zamu yake ilipofika kamficha wake! Mwalimu kapita hapo mbio mbio kaenda kwa wakoma. Sasa hukumu ya Mungu i wapi? Mbona yule mama haambiwi kitu?

MzeeChangamwe: Binti yangu, fungua Kumbukumbu la Torati 28:53-57. Walionywa kitambo kuwa wakiasi watazingirwa, hata mwanamke mwororo asiyetaka kukanyaga chini atakula wanawe kwa siri. Huyo mama ndo hukumu yenyewe ishafika. Na punda ni najisi kwao, tena kichwa, nyama gani iko pale jamani?

KijanaKisauni: Mzee shikamoo, lakini hapo nakataa kidogo, mama mwenye njaa hawezi kuitwa hukumu. Mtazame mfalme. Mstari wa 30 ararua nguo, watu waona kumbe ndani kavaa gunia, nkasema huyu atubu, unaofuata tu ataka kichwa cha nabii Elisha! Kesi ya yule mama hakuiamua, wala hakuuliza yule mtoto aliyefichwa yuko wapi. Mi kila nikisoma namuwaza huyo mtoto.

BintiLikoni: Uuwi, huyo mtoto hata sikumfikiria. Kwa hivo hakuna aliyehukumiwa?

MzeeChangamwe: Marahaba kijana. Yuko, sura ya 7. Elisha asema kesho saa kama hizi unga mzuri kipimo kimoja kwa shekeli moja hapo langoni, akida wa mfalme akabisha, hata Mungu akifungua madirisha mbinguni haiwezekani. Akaambiwa utaona kwa macho lakini hutakula. Usiku Washami wakatoroka wakiacha chakula kambini, wakoma wanne wakaleta habari, watu wakafurika, na akida ndo alokuwa kawekwa kusimamia lango. Wakamkanyaga akafa, unga wauona.

KijanaKisauni: Sawa mzee, ila huyo alibisha kwa mdomo tu. Aliyetuma mtu akamkate nabii kichwa bado yuko kwa kiti chake sura yaisha, na hilo ndo lanitatiza kuliko hata la yule mama.