Maembe yanaoza njiani: hamira au bakteria rafiki wanaweza kuzuia chule?

MwanaUnyanyembe
Wakuu, habari za kazi. Dodo za huku Tabora zinachumwa zimekomaa, ngumu, ngozi safi. Zikifika Dar zimeanza kuiva na madoa meusi yametapakaa. Nyingine zinaoza kuanzia kwenye kikonyo. Nasikia kwenye pichisi na plamu wanatumia vijidudu rafiki badala ya dawa ya ukungu. Kwa embe inafaa? Na hamira ya mkate je? Naomba vipimo.

BwanaShamba_Urambo
Ndugu, hapo kuna magonjwa mawili. Madoa meusi ni chule, ugonjwa wa ukungu uitwao Colletotrichum. Mbegu zake huota juu ya embe changa kukiwa na unyevu, zikapenya kidogo kwenye ganda na kutulia. Ganda bichi lina kemikali za kujikinga. Tunda likianza kuiva zinapungua, ukungu unaamka. Kwa hiyo embe linaloonekana safi mtini tayari limebeba ugonjwa. Kuoza kwa kikonyo mara nyingi ni ukungu mwingine, Lasiodiplodia, anayeishi kwenye vijiti vikavu na hata ndani ya matawi yanayoonekana mazima.

Hamira haiui ukungu. Inauwahi: inajaza kidonda na kula sukari iliyopo kabla adui hajafika. Inafaa kwa mikwaruzo ya kuchuma na kusafirisha. Chule aliyekwisha ingia ndani ya ganda haimfikii.

Kokwa_Kigoma
Naongeza kwenye pichisi. Mwaka 1984 Pusey na Wilson, Marekani, walionyesha kwamba bakteria Bacillus subtilis anazuia uozo wa kahawia (Monilinia) kwenye matunda ya kokwa. Huyu hutoa iturini, kemikali inayotoboa utando wa seli za ukungu. Lakini majaribio mengi ya aina hii hutoboa tunda, huweka kinga, kisha ndipo huleta ukungu. Embe la Tabora limeambukizwa tangu mvua za Novemba. Hapo kinga peke yake imechelewa, lazima maji ya moto yatangulie.

BwanaShamba_Urambo
Sahihi kabisa. Fuata hivi. Chuma na kikonyo cha sentimita 1 hadi 2, geuza tunda kikonyo chini utomvu utoke, kisha osha. Chovya kwenye maji ya nyuzi 52 kwa dakika 5. Kipimajoto ni lazima, kidole hakitoshi: nyuzi 48 kwa dakika hizo hazitoshi, na ukipita 55 ganda linaungua na kubaki na mabaka. Joto hushuka mara maembe yanapoingia, kwa hiyo weka angalau lita 3 za maji kwa kilo moja ya embe na koroga muda wote. Embe ambalo halijakomaa usilichovye, litaharibika ndani.

Toa, poza kwa maji safi ya kawaida mpaka tunda lisiwe la moto mkononi, ndipo kinga ifuate. Kwa hamira kavu, gramu 10 kwa lita, ambayo ni takriban chembe milioni 100 kwa mililita. Iamshe kwanza kwenye maji ya vuguvugu, nyuzi 35 hadi 40, bila sukari, maana sukari inalisha ukungu pia. Chovya dakika 1 au 2, kausha kivulini. Ukipakia maembe yenye majimaji kwenye tenga umeandaa shamba la ukungu.

MwanaUnyanyembe
Asante sana. Maji ya kuoshea nitie klorini?

Kokwa_Kigoma
Tia, ila kwenye kuoshea tu. Dawa ya kufulia ya klorini asilimia 3.5: mililita 60 kwa ndoo ya lita 20. Suuza vizuri baadaye, kwa sababu klorini iliyobaki itaua hamira au bakteria unaotaka waishi.

Hamira ya mkate ni dhaifu kuliko aina zilizochaguliwa kwa kazi hii. Ukitaka Bacillus wa dukani, uliza kama umesajiliwa na TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu) na kama lebo inaruhusu matumizi baada ya kuvuna. Nyingi ni za kupulizia shambani.

Na kikonyo: hakuna kuchovya kunakomtoa Lasiodiplodia akishaingia ndani. Kata vijiti vikavu na maembe ya mwaka jana yaliyokauka mtini kabla ya maua, vichome nje ya shamba. Ukipata chumba cha baridi usishushe chini ya nyuzi 13, embe linaumia kwa baridi na kuoza linaporudi kwenye joto.

MwanaUnyanyembe
Nimeelewa. Nitapima nyuzi kabla ya kununua kitu kingine chochote.