Ushauri wa haraka: kopo la kunasa oili kwenye injini ya turbo, niweke au niache?

Mbezi Juu (mwanzisha uzi)
Habari za jioni wakuu. Naomba msaada, hasa kwa mafundi na wenye uzoefu wa turbo. Nina gari ya Kijerumani, petroli, 1.8 turbo (ile feni inayosukuma hewa kwenye injini), ile ambayo mafuta yanapigwa moja kwa moja ndani ya silinda. Aina sitaji maana mada itageuka vita ya Mjerumani na Mjapani. Asubuhi nikiwasha inamisi, inatetemeka, ikishapata moto inatulia. Taa ya injini iliwaka, tukapima, ikatoa P0300, yaani kodi ya silinda kumisi ovyo. Plagi mpya, koili tumezibadilishana nafasi, hali ni ile ile. Nimesoma kwamba injini hizi zinajaza kaboni kwenye valvu za kuingizia hewa, na kwamba kinga yake ni kopo la kunasa oili, wengine wanaita kechi keni. Niweke au niache? Na litaondoa kaboni iliyokwisha kuganda? Nina haraka kidogo.

Mzee wa Kibada
Uza, nunua IST. Utalala usingizi.

Dereva wa Moro
Hapo tatizo ni mafuta yaliyochakachuliwa. Badilisha kituo, jaza tanki, tia chupa moja ya kusafishia, tembea nayo Moro na kurudi. Mimi ndivyo nilivyopona.

Spana 17
Dereva wa Moro, yako huenda ilikuwa injini ya kawaida, ambayo nozeli zinamwaga petroli kabla ya valvu. Huko petroli inapita juu ya valvu na kuiosha kila mara. Kwenye injini ya mleta mada nozeli imetazama ndani ya silinda, kwa hiyo valvu ya kuingizia haionji petroli kabisa. Inachopata ni hewa pamoja na mvuke wa oili unaotoka tumboni mwa injini kupitia PCV, yaani mabomba na valvu ya kuipumulia injini. Valvu ni ya moto, ule mvuke unaungulia mgongoni mwake, tabaka juu ya tabaka, kama masizi chini ya sufuria ya kuni. Chupa ya kutia tankini inaweza kusaidia nozeli. Valvu haitazifikia, maana haina njia ya kupita hapo.

Mbezi Juu, majibu yako mawili. Kopo ni kinga, halisafishi kilichoganda. Dalili ulizotaja zinafanana na kaboni, lakini usikisie: fungua manifoldi ya hewa (bomba linalogawa hewa kwa kila silinda), ingiza kamera ndogo ya kuchungulia, tazama valvu kwa macho yako. Zikiwa zimejaa, dawa ya kweli ni kupuliza maganda ya jozi yaliyosagwa, silinda moja baada ya nyingine, valvu za silinda hiyo zikiwa zimefungwa kabisa. Ukipuliza valvu ikiwa wazi, unga wote unaingia ndani na injini umeiua.

Mama Noah
Mmenikumbusha mbali. Marehemu mume wangu alinunua Noah ya D-4, nayo ni sindano ya moja kwa moja ingawa haina turbo. Miaka ile kila fundi akisikia D4 anafunika boneti na kusema "mama, hii siigusi". Ilitembea gereji nyingi, kila mmoja anabadilisha plagi, hadi kijana mmoja wa Tabata akafungua manifoldi na kutuonyesha. Njia za hewa zilikuwa nyeusi tii, kidole hakipiti. Alizikwangua kwa mkono kutwa nzima huku akiloweka dawa. Ile gari ikasomesha wanangu wote. Kwa hiyo mwanangu usikate tamaa, mtafute fundi mwenye subira kuliko mwenye maneno.

Mkimbiaji wa Limuru
Kwetu Kenya magari haya ni mengi sana, yanaletwa kutoka Japani. Mimi nimeweka kopo la maana, lenye vizuizi na wavu wa chuma ndani. Hapo ndipo tofauti ilipo: mvuke unagonga chuma, unapoa, matone yanashuka chini. Kopo tupu lisilo na kitu ndani halinasi la maana, mvuke unaingia huku unatoka kule. Huku Limuru kuna baridi, asubuhi nikilimwaga natoa uji wa rangi ya kahawa ya maziwa, maji na oili na harufu ya petroli. Uchafu ule wote ungekwenda kwenye valvu. Naliamini, ila ni lazima ulimwage kabla halijajaa, na usimwage ardhini.

Dereva wa Moro
Kwa nini basi wenye viwanda hawaliweki wenyewe?

Spana 17
Wanaweka kitenganisha oili ndani ya mfumo wa PCV, ila hakinasi yote. Wengine waliamua kuweka nozeli za aina mbili, moja kabla ya valvu na nyingine ndani ya silinda. Toyota walianza na D-4S mwaka 2005, na Ford waliongeza nozeli za nje kwenye injini yao ya EcoBoost ya lita 3.5 ya mwaka 2017. Petroli ikirudi kupita kwenye valvu, kuosha kunarudi.

Mbezi Juu, hujatuambia kitu. Mabomba ya PCV yako kama yalivyotoka kiwandani? Kuna mahali oili inavuja? Na haraka hiyo ni ya nini?

Mbezi Juu
Mabomba yako vizuri. Kuvuja ni kidogo sana, chini kati ya injini na gia boksi, haihusiani na mada. Nataka tu kujua kopo ni wazo zuri au baya.

Spana 17
Inahusiana sana. Hapo ni sili ya nyuma ya krenki, ile mpira inayozuia oili isitoke shafti inapoingia upande wa gia boksi. Ilianza lini?

Mbezi Juu
Wiki chache zilizopita, baada ya kopo.

Mkimbiaji wa Limuru
Kopo gani tena, si umeuliza uweke au usiweke?

Mbezi Juu
Wakuu msinishambulie. Kopo limeshafungwa. Niliuliza vile kwa sababu nilitaka maoni yasiyoegemea upande. Kulinunua la dukani lilinishinda, fundi wa kuchomelea akanitengenezea la bati zito, kazi safi kabisa. Na wazo lenyewe mmelikubali hapa, kwa hiyo sioni kosa. Haraka ni kwamba gari ni ya dada yangu, yuko Muscat kikazi, aliniachia niitunze na anarudi mwisho wa mwezi. Nilitaka aikute ikiwa bora kuliko alivyoiacha.

Ustadh Gongo la Mboto
Kijana, amana ni jambo zito. Umeachiwa gari uilinde, hukuachiwa uifanyie majaribio. Mpigie dada yako leo, umweleze kabla hajapanda ndege. Akisikia kwa mwingine itamuuma zaidi.

Mama Noah
Ustadh amesema kweli, ila tusimvunje moyo. Nia yake ilikuwa njema.

Jicho Kali
Samahani, mimi hii hadithi naikataa. Mtu anayejua P0300 na kaboni ya valvu ashindwe kujua kopo lake limefungwaje? Mara hana kopo, mara analo, mara dada wa Muscat. Huu mtindo naujua: anauliza, watu wanalisifu kopo, kesho anatokea muuzaji na bei. Mkimbiaji wa Limuru naye amelisifia haraka mno. Modereta tazameni hizi akaunti mbili.

Mkimbiaji wa Limuru
Mimi siuzi kitu, ndugu. Nimesema ninachokiona kwenye gari yangu kila asubuhi.

Mzee wa Kibada
Jicho Kali ana hoja. Bila picha ni porojo.

Mbezi Juu
Nimekuja hapa na shida mnaniita tapeli. Nimepandisha picha tatu, za kopo, mabomba na pale panapovuja. Dada nimempigia pia, anajua.

Spana 17
Asante kwa picha. Nimeiona shida. Kopo lako lina mdomo mmoja tu, wa kuingia. Bomba la kurudi kwenye manifoldi limezibwa kwa boliti, na la kurudi mbele ya turbo nalo limezibwa. Injini yako inapumulia wapi?

Mbezi Juu
Kwenye mfuniko kuna kitundu. Fundi alisema kinatosha, na kwamba zikizibwa zile njia mbili oili haiwezi kurudi kwenye valvu tena. Kimantiki yuko sahihi.

Spana 17
Kuhusu valvu yuko sahihi. Kuhusu tumbo la injini amekosea. Kila silinda ikiwaka, gesi kidogo inapenya kwenye ringi za pistoni kushuka chini, na turbo ikisukuma inapenya zaidi. Injini ya turbo ina njia mbili za kuitoa: ukiendesha taratibu manifoldi inaivuta, turbo ikisukuma inavutwa kwenda mbele ya turbo. Wewe umezifunga zote, umebakiza kitundu cha msumari. Presha inatafuta sehemu dhaifu, na umeiona ni ipi.

Rudisha mabomba ya kiwandani kwanza, kopo liwe pembeni. Usipime ringi kabla ya hapo, maana ukifungua kifuniko cha oili sasa hivi itapuliza hata ringi zikiwa nzima. Ukisharudisha, futa oili yote pale chini, endesha hadi Kibaha na kurudi, tazama tena. Pakikauka una bahati. Pakivuja, gia boksi inashuka na sili inabadilishwa. Kisha ndipo ufungue manifoldi uchungulie valvu.

Jicho Kali
Picha nimeziona. Lile tuhuma naliondoa. Ila hilo bati ndani lina wavu?

Mbezi Juu
Halina kitu ndani. Kesho asubuhi narudisha mabomba. Kopo silitupi, nitalipeleka likatobolewe mdomo wa pili na kuwekwa wavu, dada akikubali lirudi.

Spana 17
Likitobolewa, lioshwe vumbi lote la chuma kabla halijaunganishwa. Hewa yake inakwenda moja kwa moja kwenye turbo.